Mchezo wa bastola: Anayetaka kuanza aanze mikono mitupu

Juma lililopita, baada ya somo la fonolojia, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alibaki nyuma wenzake walipokuwa wakitoka. Alikuwa akipanga madaftari ambayo yalikwisha kupangika, nami nikajua ana neno. Wanafunzi wangu huja na maswali yao ya kila muhula: alama za jaribio, siku ya mwisho ya kuwasilisha insha, na iwapo ngeli zina faida yoyote kwa mtu asiyekusudia kuwa mwalimu. Huyu aliuliza: "Daktari, ni kweli kwamba wewe hupiga bastola kwa mashindano? Mimi nataka kuanza. Nianzie wapi?"

Sikumjibu papo hapo. Nilimwambia kwamba nitamjibu kwa maandishi, kwa kuwa si yeye wa kwanza kuniuliza; walimu wawili wa shule za upili za hapa karibu walikwisha kunivuta kando kwa swali lilo hilo, mmoja akinong'ona kana kwamba ananiulizia bangi. Basi na tulizungumze jambo hili hadharani. Na kwa faida ya wezi wanaosoma magazeti, niseme mapema kwamba silaha ninayoitumia haikai nyumbani kwangu wala haikai Kisian.

Kwa msomaji asiyepajua, Kisian ni pale barabara itokayo Kisumu kwenda Busia inapoachana na ile ya kwenda Bondo. Kuna kituo cha utafiti wa maradhi cha KEMRI, kuna reli ya Butere, kuna wauza samaki, na nyuma yetu kuna vilima vya mawe ambako watu huponda kokoto toka alfajiri. Uwanja wa shabaha wa mashindano haya haupo. Na si uwanja tu usiokuwapo. Hata hamu ya watu kuzungumzia bunduki kama kitu cha kuchezea ni haba, na sababu yake naijua. Nitairudia baadaye.

Kwanza mchezo wenyewe. Mwaka 1976, watu wa nchi kadhaa walikutana Columbia, Missouri, kule Marekani, wakaunda shirikisho la kimataifa la upigaji shabaha wa vitendo, linalojulikana kwa kifupi kama IPSC. Rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper. Walichagua maneno matatu ya Kilatini kuwa kaulimbiu yao: Diligentia, Vis, Celeritas. Wao huyafasiri kuwa usahihi, nguvu na kasi. Mwanaisimu hawezi kulipita neno la kwanza bila kusimama. Diligentia kwa asili ni uangalifu, bidii ya mtu anayekijali anachokifanya. Anayesoma "usahihi" peke yake amepoteza nusu ya maana, na aghalabu nusu hiyo ndiyo humponza.

Kadiri miaka ilivyopita, bastola za mashindano hayo zilianza kugeuzwa umbo. Ziliongezwa hiki na kile hata hakuna mtu ambaye angeweza kutembea nazo kiunoni. Ndipo mwaka 1996 Bill Wilson na wenzake kadhaa wakaanzisha chama kingine, IDPA, ambacho kinasisitiza bastola za kawaida, ala za kawaida, na mazingira yanayoiga mikasa ya kawaida. Mshindani huvaa koti au kizibao kinachoficha silaha. Huenda akaanza akiwa ameketi kwenye kiti kana kwamba yumo hotelini, au amebeba mfuko kana kwamba atoka sokoni. Kengele ya kipima-muda ikilia, anasimama, anatafuta kinga, anachomoa, anapiga shabaha za karatasi kwa utaratibu uliowekwa. Mfululizo mmoja hauzidi risasi 18. Umbali si mkubwa. Shabaha nyingi huwa chini ya mita 15, umbali ambao mtu asiyewahi kushika bastola hudhani hauwezi kumshinda. Humshinda.

Hesabu ya alama itawavutia walimu, maana ni usahihishaji wa kuadhibu makosa, si wa kutuza majibu. Muda uliotumia ndio msingi. Risasi iliyoingia katikati ya shabaha haiongezi kitu. Iliyopotoka kidogo huongeza sekunde moja, iliyopotoka zaidi huongeza sekunde tatu, na iliyokosa kabisa huongeza tano. Ukikiuka utaratibu, mathalani ukapiga huku mwili umetoka nje ya kinga, unaongezewa tatu. Na katikati ya shabaha hizo husimamishwa nyingine zilizochorwa viganja vilivyo wazi. Hizo ni za watu wasio na hatia: mpita njia, mtoto, karani wa duka. Ukimpiga mmoja wao unaongezewa sekunde tano. Mwenye jumla ndogo ndiye mshindi.

Siku yangu ya kwanza nilikimbia kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Nilimaliza kwa sekunde 11.40 nikajiona bingwa. Msimamizi akaanza kusoma: pointi tisa zilizopotea, sekunde tatu za kusahau kinga, na sekunde tano za karani wa duka, ambaye nilikuwa nimemtoboa sikio. Jumla 28.40. Baada yangu aliingia mama mmoja, mwalimu mstaafu, mwenye miwani ya kamba. Alichukua sekunde 17.10. Alitembea. Alipoteza pointi mbili tu, akatoka na 19.10. Alipokuwa akirudi benchini aliniambia, "Mwanangu, wewe ulipiga kelele, mimi nilipiga shabaha." Sijawahi kusahihishwa kwa ufupi namna hiyo, hata na wasimamizi wa tasnifu yangu.

Sasa nimjibu mwanafunzi wangu. Nianzie wapi? Uanzie kwenye sheria, na ukubali kwamba huenda sheria ikawa ndio mwisho wa safari yako kwa miaka kadhaa. Sheria yetu ya Silaha za Moto, Sura ya 114, haimruhusu raia kununua, kupata wala kuwa na bastola au risasi bila cheti. Kinachotolewa hapa ni kibali, wala haki haimo katika jambo hilo. Kuna Bodi ya Leseni za Silaha za Moto ambayo humchunguza mwombaji: mwenendo wake, afya ya akili yake, uwezo wake wa kuishika silaha bila kujidhuru na kudhuru wenzake, na sababu yake ya kuitaka. Mnamo Desemba 2018 serikali iliwaamuru hata wale waliokuwa na leseni za miaka mingi warudi kuchunguzwa upya. Mwandishi huyu alipekuliwa kama wengine, na sababu zake alizieleza kwa waliohusika, hazihusiki hapa. Ninalotaka mwanafunzi alishike ni kwamba hakuna njia ya mkato yenye heri. Anayekwambia kwamba anaweza kukupatia "chuma" kwa muda ili ujizoeze kule milimani anakupeleka gerezani. Usinunue hata bastola ya bandia. Usiku, kwenye barabara ya Bondo, hakuna atakayekuuliza kama ni ya plastiki.

Basi asiye na cheti afanye nini? Aende atazame, na aende mikono mitupu. Uwanja unaojulikana zaidi kwa mashindano haya nchini ni ule wa Kirigiti, karibu na mji wa Kiambu, ambako chama cha wamiliki wa bunduki huendesha shughuli zake na ambako wageni kutoka nchi nyingine wamekuja kushindana. Jina Kirigiti lenyewe, inavyosemwa, ni neno "cricket" lililopita katika kinywa cha Mkikuyu: walowezi walicheza mchezo wao hapo, wenyeji wakalitamka jina lake kwa mujibu wa silabi za lugha yao, na mchezo ukaondoka jina likabaki. Huo ni mfano mzuri wa utohozi, nami huutumia darasani pasipo kutaja kinachoniongoza huko.

Kutoka Kisumu ni zaidi ya kilomita 300. Mtu hupanda basi la usiku, akashuka Nairobi alfajiri na shingo iliyokakamaa, akatafuta matatu ya Kiambu. Si safari ya anasa. Lakini ukifika, ukaomba kwa adabu, utapata kazi. Kila mshindani akimaliza, matundu ya karatasi lazima yazibwe kwa vibandiko ili shabaha iwe tayari kwa anayefuata. Kazi hiyo haina sifa, jua ni kali, na vidole hunatanata kutwa nzima. Ndiyo shule bora ninayoifahamu. Aliyebandika karatasi 200 ameona kwa macho yake makosa 200. Ameona jinsi risasi za anayetumia mkono wa kulia zinavyokusanyika chini kushoto kwa sababu anaushtukia mlio kabla haujalia. Ameona ni nani hutukana akishindwa na ni nani hucheka. Na ameona mtu akitolewa mashindanoni, jambo ambalo kila anayeanza anafaa kuliona mapema: mtutu umegeuka upande usiofaa kwa nukta moja, msimamizi ametamka neno moja, na mtu mzima mwenye gari kubwa anafungasha vitu vyake kurudi nyumbani pasipo kujadiliana.

Bunduki zote hukaa bila risasi mpaka mwenyewe aitwe mbele na aamriwe kuijaza. Hapo ndipo linapoingia suala la lugha, na msomaji anisamehe nikikaa hapo kidogo, kwani ndiyo kazi inayonilipa.

Kanuni za usalama ni nne, na kwa umbo linalojulikana leo zilienezwa na Cooper huyo huyo. Ya kwanza husema kwamba kila bunduki ina risasi, siku zote. Ya pili, usielekeze mtutu kwenye kitu usichokuwa radhi kukiharibu. Ya tatu, kidole kisiguse kifyatulio mpaka vilengeo viwe vimekaa kwenye shabaha. Ya nne, ijue shabaha yako na ujue kilicho nyuma yake. Nimewasikia wakufunzi wetu wakiifundisha ya kwanza hivi: "Ichukulie bunduki kana kwamba ina risasi." Hapana. "Kana kwamba" ni kauli inayokiri kuwa ukweli ni kinyume. Nikisema fulani anatembea kana kwamba ni tajiri, nimekwisha kukwambia kuwa si tajiri. Ukimfundisha mtu "kana kwamba", umemfundisha pia kwamba kuna wakati bunduki haina risasi, na ipo siku ataamini kuwa wakati huo umefika. Cooper mwenyewe hakuitaka hiyo "kana kwamba". Alitaka kauli ya kutangaza, ya wakati usio na mwisho, na Kiswahili kinayo: kila bunduki ina risasi. Yametosha.

Amri za uwanjani nazo hutolewa kwa Kiingereza. Sina ugomvi na Kiingereza, lakini uwanjani hawapo washindani peke yao. Wapo walinzi, wapo vijana wa kubandika, wapo madereva walioleta watu. Hawa wakisikia amri wasiyoielewa hawajui kama ni wakati wa kukaa au wa kusogea. Kwa hiyo miaka miwili iliyopita nilianza, kwa kujifurahisha tu, kuzitafuta amri hizo kwa Kiswahili. Nilidhani ni kazi ya jioni moja.

Amri ya kwanza humtaka mshindani aijaze bastola na ajiweke tayari. Nikaandika: "Tia risasi, jitayarishe." Ya mwisho humtaka, iwapo amemaliza, aondoe risasi na aonyeshe kuwa hamna kitu. Nikaandika: "Ukimaliza, toa risasi, onyesha tupu." Nilipoisoma kwa sauti nilishika kichwa. Tia, toa. Kila mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili anajua hiyo ni nini: ni jozi ya mlinganuo finyu, maneno mawili yanayotofautiana kwa fonimu moja tu. Sasa mvike mtu vizibo vya masikio, mpe upepo wa saa nane mchana na moyo unaodunda, kisha umtake atofautishe irabu mbili. Amri mbili zilizo kinyume kabisa, moja ikiwa ya kuifanya bastola iweze kuua na nyingine ya kuinyima uwezo huo, nami nilikuwa nimezitenga kwa irabu moja. Kiingereza nacho si salama zaidi, maana humo hutengwa kwa kiambishi kifupi cha mwanzo ambacho upepo unaweza kukibeba.

Kisha kuna "tayari". Tazama: jitayarishe, uko tayari?; kaa tayari. Neno moja katika amri tatu zinazofuatana, na ya pili hutofautiana na kauli ya kawaida kwa kiimbo tu. Masikio yaliyozibwa hayasikii kiimbo vizuri. Na "tupu" nayo sikuweza kuitumia. Nilimjaribishia mhadhiri mwenzangu kutoka pwani, akanitazama kwa huruma akaniuliza kama nakusudia kuwaambia watu wazima wenye silaha waonyeshe tupu zao mbele ya halaiki. "Wazi" haifai pia, kwa sababu kilicho wazi kimefunguliwa, hakikumwagwa.

Na "ukimaliza"? Hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi. Kiambishi -ki- hakitenganishi sharti na wakati. "Ukimaliza" yaweza kuwa "utakapokuwa umemaliza" na yaweza kuwa "iwapo utamaliza". Msimamizi hatakiwi kumwamuru mtu amalize. Yeye anauliza kwa njia ya sharti: ikiwa kwako wewe kazi imekwisha, basi fanya hivi, la sivyo endelea. Mwenye kuamua ni mshika bastola. Nafikiri "kama umemaliza" ndiyo sahihi, kwa kuwa -me- huonyesha kitendo kilichokamilika, na "kama" huuacha mlango wazi. Wapo watakaosema huu ni upuuzi wa wasomi. Wasimame mbele ya mtutu kwanza, ndipo waniambie kuwa kiambishi ni upuuzi.

Pamoja na hayo Kiswahili kina mahali kinapotupa nafasi nzuri. Wanaoanza huchanganya kitu kinachozuia risasi na kitu kinachomficha mtu tu. Hujibanza nyuma ya mlango wa mbao wakaridhika. Sisi tuna kinga na tuna maficho, maneno mawili yasiyofanana hata kidogo. Pazia ni maficho. Ukuta wa mawe ni kinga. Mtoto wa shule ya msingi anaelewa. Hata kifyatulio: usikivute, kibonyeze. Anayevuta huvuta na mkono mzima. Anayebonyeza hutumia kidole kimoja, polepole, kama anayejaribu kama embe limeiva.

Kuhusu ufundi nitapita upesi, maana haujifunzwi gazetini. Jicho la binadamu haliwezi kuona kwa uwazi vitu viwili vilivyo katika umbali tofauti kwa wakati mmoja. Anayeanza hulazimika kuchagua, na chaguo sahihi humuudhi kila mmoja: angalia kilengeo cha mbele, shabaha iachwe iwe ukungu. Tiba ya kushtuka ni kumwomba mwenzako achanganye risasi za bandia na za kweli kwenye magazini bila wewe kujua mpangilio. Ikifika ile ya bandia, mtutu utainama wenyewe mbele ya macho ya watu, na aibu hiyo hufundisha kuliko hotuba. Vifaa visikutie hofu. Bastola ya kawaida ya milimita 9, ala imara inayofunika kifyatulio, mshipi mgumu, magazini tatu, miwani na vizibo vya masikio. Kilicho ghali ni risasi, nauli, na miezi ya kungoja cheti.

Nirudi sasa kwenye jina la mchezo. Huitwa wa kujihami, na neno hilo limewavuta watu wengi kwa sababu zisizofaa. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi walipovamia jengo la Westgate jijini Nairobi na kuua watu 67, miongoni mwa walioingia mapema kuokoa wenzao walikuwamo raia wenye leseni za bastola. Abdul Haji, ambaye baadaye alikuwa seneta wa Garissa, alikuwa mmoja wao, na picha yake akimnyooshea mkono mtoto wa kike anayekimbia ilizunguka dunia nzima. Tangu siku hiyo nimekutana na vijana wanaotaka kujifunza mchezo huu ili wawe kama yeye. Naheshimu ushujaa wake. Lakini karatasi hairudishi risasi, na mchezo ambao mtu ameoneshwa uwanja kabla hajaanza, akaambiwa idadi ya shabaha na ni ipi ipigwe kwanza, haumfanyi mtu kuwa askari. Unamfundisha kushika silaha kwa uangalifu huku akiwa na haraka. Hilo si dogo. Ila anayetoka Kirigiti na kikombe akidhani sasa anaweza kukabiliana na majambazi kwenye lango la nyumba yake, huyo ningependa leseni yake ipitiwe tena.

Kuna mtu mmoja ambaye sikuwahi kumweleza haya yote mpaka mwaka jana. Baba yangu ni mwalimu mstaafu. Tarehe 25 Oktoba 1969 alikuwa kijana anayesomea ualimu, akaenda Kisumu pamoja na wenzake kushuhudia kufunguliwa kwa hospitali mpya iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Kukatokea mzozo, risasi zikafyatuliwa kwenye umati. Idadi rasmi ya waliofariki ilikuwa 11. Wenyeji hutaja kubwa zaidi. Baba alirudi nyumbani kwa miguu bila viatu, na viatu hivyo ndivyo tu alivyowahi kutusimulia. Tulipokuwa wadogo hatukuruhusiwa kuokota fimbo tukaielekeza kwa mtu tukisema "pa". Neno bunde, yaani bunduki kwa Kijaluo, halikutamkwa wakati wa kula.

Nilipomwambia kwamba nashiriki mchezo huu hakunikemea. Alinyamaza, akaniomba nimweleze sheria zake, kama alivyokuwa akituomba tumweleze hesabu tulizofundishwa shuleni. Nikamchorea shabaha mchangani kwa kijiti. Nikamweleza habari ya katikati na ya pembeni. Nikamchorea na yule mwenye viganja wazi.

"Na huyu?" akauliza.

"Huyo hana hatia, Baba. Hapigwi."

"Ukimpiga, unafanywa nini?"

"Naongezewa sekunde tano."

Alikitazama kile kichoro kwa muda. "Nyathina," akasema, "tano tu?"

Nimesoma isimu kwa zaidi ya miaka 20 na nimetetea tasnifu mbele ya wasomi watano. Sikuwa na jibu. Ningeweza kumwambia kwamba ni mchezo, kwamba lazima adhabu iwe kitu kinachohesabika ili mashindano yaendelee, kwamba katika mpira pia mtu huvunjwa mguu na mwamuzi akatoa kadi. Yote hayo ni kweli na hakuna lililokuwa jibu. Tangu hapo nimejiwekea kanuni yangu isiyo kwenye kitabu: nikimgusa mwenye viganja wazi, hata ukingoni, siku hiyo nimemaliza. Nafungasha nawabandikia wengine. Imenitokea mara mbili. Wenzangu huona kuwa natia chumvi, na mama yule wa miwani ya kamba ndiye pekee ambaye hajaniuliza sababu.

Mwezi ujao nitakwenda Kirigiti, na mwanafunzi wangu amekubali kuja kubandika, akijilipia nauli. Nimempa sharti moja: aje na orodha ya amri zote kwa Kiswahili, zisizo na jozi finyu hata moja, zinazoweza kusikika kupitia vizibo vya masikio. Jana asubuhi alinifuata hadi kwenye egesho la magari akihema. Alisema tatizo la "tia" na "toa" amelipatia ufumbuzi na ni ajabu kwamba sikuliona. Mtu akitaka bastola ijazwe, aseme "pakia".

"Na akitaka iondolewe risasi?" nikamuuliza.

"Aseme paku..." Akanyamaza. Akalirudia neno mdomoni bila sauti, mara ya kwanza kwa irabu hii, mara ya pili kwa irabu ile, kisha akafungua daftari lake na kulikata kwa kalamu.